Nenda Jumamosi, Rudi Jumapili

Kila mtu ninayemjua Nairobi ana jambo lake la wikendi. Kuna wa mpira, kuna wa nyama choma, kuna wa kupanda Ngong Hills, kuna wa kanisa tangu asubuhi hadi jua litue. Langu ni dansi ya kisasa, ile inayoitwa contemporary dance. Siichezi, naitazama. Nimeitazama nikiwa kwenye kiti cha kukunja na nikiwa nimekaa sakafuni, nimeitazama katikati ya umati na nimeitazama tukiwa wachache kiasi cha kujuana kwa sura. Mtu akiniambia anataka kuanza, nina ushauri mmoja wa kumpa: onyesho ulilolitazama Jumamosi, rudi ulitazame tena Jumapili.

Najua ni kumwomba mtu mengi. Nauli ya kwenda tao na kurudi siku mbili mfululizo si kitu cha kupuuza, na wapo wanaoona kwamba ukishaona kitu umeshakiona. Lakini fikiria jinsi kazi hizi zinavyoishi mjini kwetu. Mtunzi na wachezaji wake wanafanya mazoezi kwa miezi, jioni baada ya kazi zao za kulipa kodi ya nyumba. Kisha kazi inapanda jukwaani usiku mmoja, au miwili ikibahatika. Ukumbi ni wa kukodi, na pesa za ufadhili zilihesabiwa kwa siku hizo tu. Jumatatu jukwaa lile lile lina mkutano wa kampuni. Mchezo wa kuigiza huacha muswada, wimbo huacha rekodi. Dansi huacha video iliyopigwa kwa simu kutoka nyuma ya ukumbi, vichwa vya watu vikiwa mbele, na huacha yale yaliyobaki kwa waliokuwepo. Sisi watazamaji ndio tunaobaki na kazi hiyo. Basi afadhali tuitazame vizuri.

Jumamosi yangu huanza kwa kutembea. Nikiweza naenda msitu wa Karura, nashuka hadi kwenye maporomoko ya maji, napita yale mapango, kisha napanda kilima taratibu. Sababu ni ya kimwili kabisa. Nimeona kwamba macho yangu hutazama dansi vizuri zaidi siku ambayo miguu yangu imefanya kazi. Ukipanda njia ya udongo yenye mizizi, unahisi uzito ukihama kutoka nyonga moja hadi nyingine, unahisi kisigino kikitafuta pa kukanyaga. Jioni mchezaji anapohamisha uzito wake jukwaani, mwili wangu huelewa kabla akili haijauliza chochote. Na nikiwa Karura sikosi kumkumbuka Wangari Maathai na wenzake, waliopigwa langoni pale Januari 1999 walipokwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imegawiwa wajenzi. Msitu wa hekta elfu moja na zaidi umesimama leo kwa sababu kuna watu waliotumia miili yao kusema hapana. Nikiwa njiani kwenda kutazama dansi, hilo hunipa sababu ya kuchukulia mwili kwa uzito.

Mchana nateremka mjini. Kumbi zenyewe si nyingi, na baada ya muda unazijua kama unavyojua nyumba za ndugu zako. Alliance Française na Goethe-Institut ni majirani pale Loita Street, na nitasema wazi kwamba bila taasisi hizo mbili za Ufaransa na Ujerumani, dansi ya kisasa ya Nairobi ingekuwa na maisha magumu zaidi. Kiingilio mara nyingi ni nafuu, mara nyingine ni bure. Kule Ngara kuna Sarakasi Dome, iliyokuwa sinema ya Shan zamani. Wanasarakasi waliolelewa hapo wameipa dansi ya jiji hili namna yake ya kuanguka: mtu anaanguka kutoka juu ya mabega ya mwenzake na anatua bila kishindo. Na kuna The GoDown Arts Centre, iliyoanzishwa mwaka 2003 katika ghala la Dunga Road, Industrial Area. Ghala lile lilifaa dansi kwa sababu halikuwa na jukwaa la kuinuka. Wachezaji walikuwa chini, sisi tulikuwa chini, na jasho lao lilitufikia.

Kisha Kenya National Theatre. Ukumbi huu ulifunguliwa mwaka 1952, enzi za mkoloni, na umejengwa kama sanduku: wachezaji juu, nyuma ya pazia, watazamaji gizani kwa safu. Ngoma zetu nyingi hazikuzaliwa katika sanduku. Zilichezwa uwanjani watu wakizunguka, na aliyesimama pembeni aliweza kuingia duara wakati wowote. Naamini sehemu ya ugumu ambao watu wanausikia mbele ya dansi ya kisasa inatokana na kuketi tu. Tumefundishwa kwamba ukumbini mtu hutulia. Mtu huyo huyo akiwa harusini au kwenye ngoma ya ohangla angekwishapiga kelele, angekwishasimama, angekwishamtunza mchezaji noti mkononi.

Lakini barabara ulipo ukumbi huo ina historia nyingine. Ni Harry Thuku Road. Machi 1922, watu walipokusanyika karibu na hapo kudai Harry Thuku, mwanaharakati aliyekamatwa na serikali ya kikoloni, aachiliwe, mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake mbele ya umati, akawaambia wanaume wavue suruali zao wampe yeye. Polisi walifyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Kwa Wakikuyu, mwanamke mzima kufanya hivyo ni laana nzito isiyohitaji maelezo. Halafu Oktoba 1976, ndani ya ukumbi wenyewe, ukaigizwa mchezo wa The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Ulikuwa umetengewa siku chache tu. Mwisho wa onyesho watazamaji waliinuka kutoka viti vyao, wakaungana na waigizaji, wakaimba na kucheza hadi nje barabarani kuelekea hoteli ya Norfolk, mpaka polisi wakawazuia. Kila ninapoketi kwenye safu zile nikiwa nimekunja mikono kwa adabu, nawafikiria watu wale.

Kuhusu mahali pa kuketi, nina maoni makali. Usikimbilie safu ya mbele kwenye ukumbi wenye jukwaa la kuinuka. Dansi ya kisasa huchezwa chini sana, mchezaji analala, anabingirika, anatambaa, na ukiwa mbele kabisa utaona vichwa tu. Kaa katikati, juu kidogo, ili uione sakafu. Kwenye ghala au ua, hapo ndipo ukae mbele, karibu kiasi cha kusikia pumzi. Siku ya pili ubadilishe upande.

Ngoja nieleze onyesho moja, nikuonyeshe ninachomaanisha.

Lilikuwa onyesho la wachezaji watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na sakafuni palikuwa na karatasi za mabati. Shangazi yangu alikuwa ameshuka kutoka Kakamega kwa ajili ya kliniki ya magoti, akawa anakaa kwetu Buruburu. Jumamosi ile nikamwambia, "Shangazi, jioni twende nikuonyeshe watoto wa watu wakicheza."

"Ni kwaya?"

"Si kwaya."

"Ni isukuti?"

"Hapana, Shangazi. Si isukuti pia. Twende tu, utaona mwenyewe."

Shangazi ni Mwidakho, Mluhya wa Kakamega. Isukuti, ngoma ya kwao, ameicheza tangu utotoni, ngoma zile tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikimwita kwenye harusi, kwenye watoto waliozaliwa, kwenye matanga. UNESCO iliiorodhesha isukuti mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na nilipomweleza hivyo aliniambia kwamba anayehitaji kulindwa ni kijana anayejua kuipiga, kwa sababu yuko Nairobi anaendesha bodaboda.

Dakika za mwanzo hapakuwa na muziki wowote. Kulikuwa na nyayo kwenye mabati tu. Mwanamume wa kushoto alikuwa anatembea polepole mno, mikono mitupu, huku wenzake wakianguka na kuinuka nyuma yake. Nyuma yetu nikamsikia kijana akimnong'oneza mwenzake, "Sasa hii maana yake nini?" Lilikuwa swali la haki, nami sikuwa na jibu. Shangazi akanisogelea sikioni.

"Yule wa kushoto amebeba mtu."

"Hana kitu mkononi, Shangazi."

"Tazama shingo. Aliyebeba jeneza begani, shingo yake hukaa hivyo hata akishaliteremsha. Hukaa hivyo siku mbili."

Baada ya onyesho kulikuwa na mazungumzo na mtunzi, kama ilivyo desturi kwenye kumbi ndogo. Alieleza kwamba kazi ile ilitokana na usiku ambao tingatinga lilibomoa mtaa wao, watu wakakimbia na mabati yao kwa sababu mabati ndiyo nyumba, ukiyaokoa unaweza kuanza tena. Hakutaja jeneza wala mazishi. Tukitoka nje, Shangazi alikuwa kimya hadi tulipofika kwenye kituo cha matatu. Kisha akasema, "Basi kuna mtu alikufa usiku huo, na yule kijana hakutaka kutuambia."

Jumapili yeye alikwenda kanisani na kwa binamu zetu Kangemi. Mimi nikarudi ukumbini peke yangu, nikaketi upande wa kushoto.

Sijui kama niliona dansi ile ile. Shingo niliyoonyeshwa na Shangazi niliiona sasa tangu mchezaji alipotokea kwenye mwanga. Jumamosi nilikuwa nimeiona kama uchovu. Niliona pia kwamba mwanamke alikuwa akimtazama yeye tu muda wote, jambo ambalo kutoka kiti changu cha jana lilikuwa limefichwa na mwili wa yule mwingine. Na sehemu ya katikati ilibadilika kabisa. Wachezaji wengi wa kisasa huacha nafasi ndani ya kazi ambamo hatua hazijapangwa. Kilichopangwa ni kanuni tu: mathalani, mmoja akigusa sakafu kwa mkono, wengine lazima wasimame. Jumamosi sehemu hiyo ilikuwa ya kasi na fujo. Jumapili watu walikuwa wachache, mtoto mmoja akacheka kwa sauti, na mwanamume wa kulia akasimama kwenye kicheko kile, akangoja, wenzake wakangoja naye, na ukumbi mzima ukabaki na mabati yanayolia yenyewe kwa kujikunjua. Hapakuwa na mtu aliyeuliza maana yake nini. Sote tulikuwa tunangoja pamoja nao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dansi ya kisasa ni ya watu waliosoma. Shangazi hakuwa amesoma kitu chochote kuhusu dansi hii. Alichokuwa nacho ni miaka mingi ya kutazama miili yenye furaha na yenye msiba, na macho yasiyoogopa kutazama muda mrefu. Watu wa Nairobi wana macho hayo. Tunajua kutoka upande wa pili wa barabara kwamba kondakta fulani anataka ugomvi, kutokana na anavyoning'inia mlangoni. Tunamjua mama aliyebeba mzigo wake na aliyebeba wa mtu mwingine. Ukija na macho hayo ukumbini, uko tayari. Kinachobaki ni subira, na subira huja kwa kurudi.

Dansi hii pia si ngeni hapa. Katika miaka ya 1990, mtunzi wa dansi Opiyo Okach alishirikiana na Faustin Linyekula, kijana aliyetoka Kisangani, Kongo, akaja Nairobi vyuo vikuu vya nchini mwake vilipofungwa, pamoja na Afrah Tenambergen, wakaanzisha Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Kazi yao iliyoitwa Cleansing ilitunukiwa tuzo Luanda, Angola, mwaka 1998, kwenye mashindano ya watunzi wa dansi wa Afrika. Linyekula alirudi Kongo mwaka 2001 akaanzisha kundi lake, Studios Kabako, na leo ni mmoja wa watunzi wakubwa wa bara hili. James Mweu na Kunja Dance Theatre wakaendeleza kazi hapa jijini. Fernando Anuang'a alichukua kuruka na kupumua kwa Wamaasai, ile sauti ya koo inayokwenda na shingo, akaijengea dansi inayotazamwa Ulaya.

Lakini mimi Cleansing sijawahi kuiona jukwaani. Naijua kwa kusimuliwa. Hilo linaniuma kweli, kwa sababu ninajua inawezekana kuwa tofauti. Mwaka 1975 Pina Bausch, mtunzi wa dansi Mjerumani, alitunga The Rite of Spring yake kule Ujerumani, ikichezwa juu ya sakafu iliyofunikwa udongo. Mwaka 2020, miongo minne na nusu baadaye, wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika walijifunza kazi hiyo hiyo katika École des Sables, shule ya Germaine Acogny iliyoko Toubab Dialaw, Senegal. Walifundishwa na watu walioicheza kabla yao, mwili kwa mwili. Korona ikafunga kumbi kabla hawajaonyesha, nao wakaicheza ufukweni, kwenye mchanga, jua likizama, ikarekodiwa. Kazi ya 1975 iko hai kwa sababu imerudiwa na kurudiwa, na kuna watu wanaolipwa ili irudiwe. Kwa nini kazi zilizotungwa Dunga Road zisiwe na bahati hiyo? Natamani siku moja vijana walio darasani sasa wafundishwe Cleansing na wale walioicheza, wangali hai na wanakumbuka.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ukweli ni kwamba wacheza kwao wa Nairobi hutunzwa zaidi wakiwa ugenini. Wengi wa wale ninaowapenda hufanya miezi kadhaa nje kila mwaka, wanarudi, wanafundisha warsha, wanaondoka tena. Siwalaumu hata kidogo. Mchezaji ana magoti mawili tu, na mazoezi mengi hapa kwetu hufanyika kwenye saruji, kwenye vigae vya kumbi za kijamii, kwenye mawe ya ua. Sakafu ya dansi hutakiwa kuwa ya mbao zilizoachiwa nafasi chini, ili ibonyee kidogo mtu anapotua. Saruji haibonyei. Kila kishindo kinarudi kwenye goti, nyonga na uti wa mgongo. Ukiwatazama kwa makini utawajua waliojifunza kwenye saruji: wanatua kwa upole wa ajabu, kama mtu anayemweka mtoto aliyelala kitandani.

Na hata hivyo wanaendelea kuja. Nikiwa kwenye foleni huwa nasikiliza, na mara nyingi vijana wanazungumzia tamasha la drama la shule. Yeyote aliyesoma Kenya anazijua zile ngoma za kubuni, wanafunzi thelathini wakiwa na nguo zilizoshonwa na mwalimu, wakicheza kisa cha ukame au cha mirathi mbele ya majaji wenye kalamu. Tamasha hilo limekuwepo tangu 1959. Nadhani ndiyo shule kubwa zaidi ya dansi nchini, na hakuna anayeliita hivyo. Wengine wametokea mitaani, kwenye mitindo kama Odi, wakaja warsha moja wakanasa. Wengine wametokea Kibera, ambako Mike Wamaya amekuwa akifundisha ballet madarasani, madawati yakisukumwa ukutani, watoto wakivua viatu. Nilipowaona watoto wale kwa mara ya kwanza nilitazama migongo yao zaidi ya miguu. Mtoto aliyefundishwa kusimama hivyo hukaa hivyo hata akiwa kwenye foleni ya maji.

Wakati mwingine naulizwa kama si upweke kwenda kutazama dansi peke yako wikendi nzima. Si upweke. Baada ya miaka, sura za watu kwenye kumbi zinakuwa ukoo. Kuna mzee mmoja wa koti la kijivu ambaye hukaa siti ya mwisho kabisa na hupiga makofi kabla ya kila mtu. Kuna mama muuza mitumba wa Toi anayekuja na binti zake. Kuna fundi wa taa ambaye nimejifunza kwake kwamba nusu ya ninachokiita dansi ni kazi yake, kwa sababu anayeamua nione mkono au nione kivuli cha mkono ni yeye. Tukitoka tunasimama barabarani, tunanunua smokie na mayai kwa kijana mwenye mkokoteni, tunabishana. Mabishano hayo ni sehemu ya onyesho. Siwezi kulala bila kubishana.

Jumapili mchana, kabla ya kurudi ukumbini, napenda kutembea katikati ya jiji. Magari yamepungua, vijana wa skate wanateleza, na karibu kila kona kuna kikundi kinachojirekodi kikicheza, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Nasimama natazama. Hakuna anayenifukuza. Mara nyingi mmoja kati yao ana kitu, bega linalochelewa kidogo nyuma ya mdundo, au namna ya kusimama ghafla bila kuyumba, na nikijaliwa kuzungumza naye ninamwelekeza: Jumatano kuna darasa mahali fulani, nenda, hawatakudai chochote siku ya kwanza. Wawili niliowaelekeza hivyo nimewahi kuwaona jukwaani baadaye. Furaha niliyoipata siku hizo siwezi kuieleza vizuri.

Kwa wenye kumbi nina ombi, na ninalirudia kila nikipewa nafasi kwenye mazungumzo ya baada ya onyesho. Wapeni wachezaji wikendi ya pili. Najua hesabu ni ngumu, lakini angalieni jinsi habari zinavyosafiri jijini hapa. Jumamosi wanakuja marafiki wa wachezaji. Jumapili wanakuja walioambiwa na marafiki. Wale wengine wote, wa Umoja, wa Rongai, wa Githurai, wanasikia Jumatatu kazini, na Jumatatu kazi imeshakufa. Wikendi ya pili ndiyo yao. Na kama haiwezekani kwenye ukumbi mkubwa, basi kwenye ua, kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye uwanja wa shule siku ya Jumapili, mradi sakafu isiwe na misumari.

Wale watatu wa mabati nimekutana nao tena. Wanatafuta mahali pa kuirudia kazi yao, na safari hii wanataka kuicheza Eastlands, karibu na mtaa uliobomolewa, watu wakisimama kuzunguka. Mwenzao mmoja yuko nje hadi Agosti, kwa hiyo itakuwa baada ya hapo. Nimewaahidi kutafuta watu wa kubeba mabati. Shangazi naye amenipigia simu mara mbili kuuliza tarehe, ili kliniki ya magoti aipange wiki hiyo hiyo.